Nyumba ya Bei Nafuu: Piga Hesabu Kwanza, Kisha Uhame

Kila mwisho wa mwezi, katika mitaa ya pembeni mwa jiji la Nairobi, mikokoteni na pikapu huonekana zikibeba vitanda, masufuria na magodoro. Watu wanahama. Huyu anatoka Kayole kwenda Ruai, yule anatoka Githurai kwenda Ruiru, na mwingine anatoka karibu na mjini kwenda Rongai au Kitengela. Ukiwauliza sababu, wengi watakujibu, "Huko nyumba ni bei nafuu." Lakini baada ya miezi mitatu au minne, baadhi yao huhama tena, na mara hii diposti imebaki nyuma.

Ndugu msomaji, nyumba ya bei nafuu si ile yenye kodi ndogo peke yake. Ni ile ambayo umehesabu gharama zake zote kabla ya kuingia, na masharti yake yameandikwa kwenye karatasi. Kwa familia inayopata mshahara mdogo au kibarua, kosa moja katika jambo hili laweza kumeza karo ya mtoto ya muhula mzima. Ndiyo sababu tumeona vyema tulieleze hatua kwa hatua.

MITAA HII ILITOKEA VIPI?

Kuanzia 1975, kwa msaada wa Benki ya Dunia, Dandora iligawanywa viwanja vidogo vyenye choo na maji. Mwenye kiwanja alitakiwa kujijengea vyumba vyake polepole. Wengi walijenga vyumba zaidi ya walivyohitaji, wakaishi katika kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki, ili kodi iwasaidie kulipa deni. Hapo mazoea ya "ploti" yalienea: mlango mmoja mkubwa, uwanja mdogo wa kuanikia nguo, choo cha pamoja, na familia nane au kumi.

Jiji limekua sana tangu siku hizo. Katika hesabu ya watu ya 2019, Nairobi ilikuwa na watu karibu milioni 4.4. Ploti za chini zikapandishwa ghorofa, na mji ukavuka mipaka yake. Barabara kuu ya Thika ilipokamilika 2012, Ruiru na Juja zikawa kama zimesogezwa karibu. Mwaka huo huo stesheni ya reli ya Syokimau ilifunguliwa. Leo mtu anaweza kufanya kazi Nairobi na kulala Kiambu (Githurai 45, Ruiru), Machakos (Mlolongo, Syokimau) au Kajiado (Rongai, Kitengela). Ukihamia huko, kumbuka kwamba umeingia kaunti nyingine. Maji na taka ni shughuli ya kaunti hiyo, na ukiwa na malalamiko, ofisi utakayoiendea si ile ya Nairobi.

HESABU YA KWELI NI IPI?

Tuchukue mfano. Bei tunazotumia hapa si za mtaa wowote maalum. Weka za kwako mwenyewe.

Nyumba ya kwanza iko karibu na kazi. Kodi ni sh. 7,000. Nauli ni sh. 50 kwenda na 50 kurudi, kwa siku 26 za kazi, yaani sh. 2,600. Maji ya mfereji ni sh. 300 na taka sh. 150. Jumla ni sh. 10,050.

Nyumba ya pili iko mbali. Kodi ni sh. 5,000 tu. Lakini nauli ni sh. 100 kwenda na 100 kurudi, yaani sh. 5,200 kwa mwezi. Mfereji hauna maji, kwa hivyo unanunua mitungi minne kwa siku kwa sh. 10 kila mmoja, na hiyo ni sh. 1,200. Taka ni sh. 150. Jumla ni sh. 11,550.

Kumbe ile nyumba "rahisi" imezidi nyingine kwa sh. 1,500 kila mwezi! Na kama mke na mume wote wanaenda mjini kazini, nauli ya pili inaongezeka pande zote mbili na tofauti inafika sh. 4,100. Tena hatujataja kwamba mvua ikinyesha matatu hupandisha nauli, wala saa zinazopotea barabarani huku watoto wakilala kabla mzazi hajafika.

Hesabu hii yaweza pia kugeuka. Anayefanya kazi katika viwanda vya EPZ pale Athi River, Kitengela ndiyo karibu yake. Anayeshona nguo au kufuga kuku nyumbani hana haja ya kulipa kodi ya karibu na mjini. Swali si mtaa gani ni rahisi. Swali ni mtaa gani ni rahisi kwako wewe.

Hesabu ya pili ni pesa za kuingilia. Nyumba ya sh. 5,500 haitaki sh. 5,500 mkononi. Inataka kodi ya mwezi wa kwanza, diposti ya kodi (desturi ni mwezi mmoja), mara nyingi diposti ya maji au stima, na pesa za pikapu. Ukiweka sh. 1,000 ya stima na sh. 2,500 ya pikapu, tayari ni sh. 14,500. Ukihama mara mbili kwa mwaka bila kurudishiwa diposti, umetupa zaidi ya kodi ya miezi miwili.

NENDA UKAIONE, TENA MARA MBILI

Usichukue nyumba kwa kuonyeshwa mara moja siku ya Jumapili mchana. Nenda mara ya pili jioni ya siku ya kazi, na kama yawezekana wakati mvua imenyesha. Angalia mambo haya:

1. Maji. Usimwulize keateka tu. Muulize mama anayefua nguo uwanjani: "Mama, maji huja siku gani hapa?" Atakwambia ukweli. Uliza pia kama ni ya mfereji au ya kisima. Sehemu nyingi za Nairobi na tambarare za Athi na Kitengela zina maji ya kisima yenye madini ya floraidi kupita kiasi. Mtoto anayeyanywa miaka mingi akiwa mdogo hutoka meno yenye madoa ya kahawia, na madoa hayo hayasuguliki. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji kama hayo yafulie na kuogea, na ya kunywa utafute mengine, hata kama ni ya mvua yaliyokingwa vizuri.

2. Stima. Je, kila nyumba ina mita yake? Ikiwa mita ni moja kwa ploti nzima, bili hugawanywa vipi? Mwenye pasi na friji analipa sawa na mwenye balbu moja? Ikiwa ni ya tokeni, uliza kama aliyetoka ameacha deni, kwa maana deni la mita hukatwa kwa yule anayenunua tokeni sasa.

3. Mto. Nyumba za kando ya mto huwa na kodi ndogo, na sababu iko. Katika mafuriko ya Aprili na Mei 2024, watu zaidi ya 200 walikufa nchini, na familia nyingi za kando ya mito ya Nairobi zilipoteza kila kitu. Baada ya maji, yakaja matingatinga ya serikali kubomoa nyumba zilizo kwenye ukingo. Mpangaji alipata hasara mara mbili, na aliyemlipa kodi hakuonekana.

4. Jengo lenyewe. Tarehe 29 Aprili 2016 ghorofa moja iliporomoka Huruma wakati wa mvua kubwa, na watu karibu 50 wakafa. Jengo hilo lilikuwa karibu na mto. Tazama nguzo na kuta. Ufa mwembamba wa plasta ni kitu cha kawaida, hasa penye udongo mweusi kama Embakasi na Kitengela. Lakini ufa unaoingia kidole, mlango uliokataa kufungika kwa sababu fremu imepinda, au nguzo inayoonyesha vyuma, hiyo ni ishara ya kuondoka. Ukiona alama ya X nyekundu ukutani, usiingie hata kwa kodi ya bure.

5. Hewa. Chumba kisicho na dirisha linalofunguka ni hatari kwa anayepikia jiko la makaa. Moshi usioonekana wa makaa huua watu wakiwa usingizini. Jiko lisilale ndani, hata wakati wa baridi ya Julai.

6. Njia ya usiku. Kutoka stejini hadi mlangoni kuna taa? Binti au mke wako akifika saa mbili usiku atapita wapi?

Jambo jingine ni la mawakala wa uongo. Mtu anakuonyesha chumba kitupu, ana funguo, ana maneno matamu, anataka diposti leo kwa sababu "kuna watu watatu wanakitaka." Kumbe hata yeye alikodi chumba hicho kwa wiki moja. Usitume pesa kwa simu kabla hujaongea na keateka na majirani wawili na kujua mwenye nyumba ni nani. Kuuliza si ujinga.

KARATASI NDIYO NGAO YAKO

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria ya Ardhi ya 2012 inakubali upangaji wa mwezi kwa mwezi hata kama ulipatana kwa mdomo. Lakini maneno ya mdomo yana shida moja: siku ya ugomvi kila mtu hukumbuka yake. Kwa hivyo, hata kama mwenye nyumba hana fomu ya wakili, chukueni karatasi ya kawaida muandike:

- majina ya wote wawili na nambari ya chumba;
- kodi ni ngapi na hulipwa kabla ya tarehe gani;
- diposti ni ngapi, na itarudishwa siku ngapi baada ya kutoka;
- maji, taka na stima ni juu ya nani;
- notisi ya kutoka, na notisi ya kupandisha kodi;
- hali ya chumba siku ya kuingia: kioo kilichovunjika, kitasa kibovu, rangi iliyobambuka.

Wekeni sahihi wote wawili, na kila mmoja abaki na nakala. Kisha piga picha za chumba kwa simu kabla hujaingiza hata kiti. Ukilipa kwa simu, usifute ujumbe. Ukilipa pesa taslimu, dai risiti palepale. Mwenye nyumba mwema hachukizwi na risiti. Nayo inamlinda yeye pia, hasa ikiwa keateka ndiye anayepokea pesa.

KODI IKICHELEWA

Hili ndilo linalovunja watu wengi. Kibarua kimeisha, mtoto amelazwa, na tarehe tano imepita. Wengi hufanya nini? Huanza kujificha. Hurudi nyumbani saa nne usiku na kutoka alfajiri, simu wamezima. Mwenye nyumba naye anaona anachezewa, na siku moja mpangaji anakuta kufuli geni mlangoni.

Njia bora ni kwenda mwenyewe, kabla ya tarehe, na kusema kitu chenye hesabu. Kwa mfano:

"Habari ya asubuhi, mzee. Mwezi huu nimekwama, kibarua kilisimama. Lakini nina elfu tatu hapa, na elfu mbili mia tano nitaleta tarehe kumi na tano. Naomba tuandike hivyo."

Wengi wa wenye nyumba ni watu wenye mikopo yao na watoto wao shuleni. Akipata nusu na tarehe ya kweli, ana cha kushika. Lakini tarehe hiyo ikifika, timiza. Ukishindwa tena, rudi umwambie, usimwache akutafute.

Je, sheria inasemaje? Ni vyema kila mpangaji ajue mambo manne.

Kwanza, kuna Sheria ya Kudhibiti Kodi (Sura 296). Inazihusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya kawaida haizidi sh. 2,500 kwa mwezi. Kwa nyumba hizo, mwenye nyumba hawezi kumtoa mpangaji bila amri ya Baraza la Kodi, na kumsumbua makusudi ili atoke ni kosa. Shida ni kwamba kiwango hicho ni cha zamani, na siku hizi vyumba vingi vya mitaa tuliyotaja vimekipita.

Pili, kwa nyumba zilizopita kiwango hicho, Sheria ya Ardhi ya 2012 bado inasema kwamba mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti ana haki ya kukaa kwa amani. Upangaji wa mwezi kwa mwezi huvunjwa kwa notisi isiyopungua mwezi mmoja, upande wowote. Na kama umepanga sehemu tu ya jengo, ni wajibu wa mwenye jengo kutunza paa, kuta kuu, mitaro mikuu na sehemu za pamoja.

Tatu, mwenye nyumba anayedai kodi anayo njia yake ya haki. Chini ya Sheria ya Kukamata Mali kwa Ajili ya Kodi (Sura 293) anaweza kutuma dalali mwenye leseni. Vijana wa mtaani wanaokuja usiku kubeba televisheni au kung'oa mlango na mabati si madalali. Ukipatwa na jambo hilo, usipigane. Andika siku na saa, tafuta mashahidi, kisha uende kituo cha polisi na kwa chifu.

Nne, haki hizi hazimkingi mtu asiyetaka kulipa. Mwenye nyumba akifuata sheria, deni ni deni.

KUISHI NA MAJIRANI

Katika ploti, ukuta ni mwembamba na choo ni kimoja. Vita vingi havianzi na mambo makubwa. Huanza na zamu ya kuosha choo, kamba ya nguo, redio ya usiku, na maji machafu yaliyomwagwa mlangoni pa mwingine. Ploti zenye amani huwa na mambo machache yanayofanana: orodha ya zamu imebandikwa ukutani na kila nyumba imo, hata ya kijana anayeishi peke yake, saa ya kufunga mlango mkubwa inajulikana, na wapangaji wana mtu mmoja anayewasemea.

Huyo wa kuwasemea ni muhimu sana. Mpangaji mmoja akilalamika kwamba tangi limepasuka, ataambiwa ahame kama hapendi. Nyumba kumi zikiandika barua moja yenye sahihi kumi, tangi hutengenezwa. Mwenye nyumba hataki vyumba kumi vitupu.

Ukiwa mgeni, jitambulishe mapema. Siku ya kwanza bisha milango miwili ya karibu: "Hodi mama, mimi ndiye jirani mpya wa nambari nne." Huyo ndiye atakayemwona mtoto wako akirudi shuleni ukiwa kazini. Tena ndiye atakayekupigia simu moshi ukionekana chini ya mlango wako.

SIKU YA KUTOKA

Diposti nyingi hupotea siku ya kutoka, si kwa sababu ya ubaya tu, bali kwa sababu ya haraka. Fuata utaratibu huu:

Toa notisi kwa maandishi mwezi mzima kabla, ubaki na nakala au ujumbe wa simu. Lipa maji na stima zote, uchukue risiti. Safisha chumba, rudisha balbu na vitasa kama ulivyovikuta. Mwite mwenye nyumba au keateka mkague pamoja, huku karatasi ya siku ya kuingia iko mkononi. Kuchakaa kwa kawaida, kama rangi iliyofifia baada ya miaka miwili, si uharibifu. Kioo ulichovunja ni juu yako. Mwisho, aandike kiasi atakachorudisha na tarehe, kabla hujatoa funguo.

Watu wengi husema, "Mimi sitalipa mwezi wa mwisho, akate kwa diposti." Ikiwa mmekubaliana hivyo na kuandika, sawa. Ikiwa hamkukubaliana, umejitia katika deni la kodi, na umempa sababu ya kushika vitu vyako mlangoni pikapu ikisubiri.

Na akikataa kurudisha bila sababu? Mpe barua ya kudai yenye tarehe. Akinyamaza, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi Milimani 2021. Husikiliza madai yasiyozidi sh. milioni moja, yakiwemo ya pesa zako zinazoshikiliwa na mtu mwingine. Unaweza kujisemea mwenyewe bila wakili, na kesi inatakiwa kumalizika ndani ya siku 60. Lakini hakimu atakuuliza jambo moja tu la kwanza: "Una karatasi gani?"

MASWALI KUMI YA KUBEBA MFUKONI

Kata sehemu hii, uibandike au umpe kijana wako anayeenda kutafuta chumba cha kwanza:

1. Kodi pamoja na nauli, maji, stima na taka ni ngapi kwa mwezi?
2. Pesa zote za kuingilia ni ngapi?
3. Maji huja siku gani, na ni ya kunywa?
4. Mita ni ya nani, na ina deni?
5. Mto au mtaro mkubwa uko umbali gani?
6. Kuta, nguzo na madirisha yakoje?
7. Mwenye nyumba ni nani hasa, na nani hupokea kodi?
8. Diposti itarudi lini na kwa masharti gani?
9. Notisi ni ya muda gani?
10. Yote haya yameandikwa?

Kama jibu la swali la kumi ni "bado," basi funguo usizichukue leo.